Shina la Mbuyu na Mikono ya Fundi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wa jumuiya.

Wiki hii tunasoma Ayubu 14, mstari wa 7 hadi wa 10. Someni kwanza, ni pafupi, chai haitapoa. Ayubu anautazama mti na kuuonea wivu: ukikatwa, bado una matumaini ya kuchipuka, hata shina likifia udongoni, harufu ya maji tu yatosha kuliamsha. Kisha kwenye mstari wa 10 anamgeukia mwanadamu, na maneno yake yanakuwa mazito. Wahubiri wengi huishia mstari wa 9. Nami nimefanya hivyo mara nyingi, hasa misibani, na leo naona aibu kidogo.

Neno shina limenikaa kichwani kwa ajili ya dada yetu fundi cherehani, aliye mgonjwa na anatamani tiba ya seli shina, yaani seli changa za mwili zinazozaa seli nyingine. Ameniruhusu niandike habari zake kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na "usinifanye mtakatifu, mwalimu, nina vitambaa vya watu tangu Pasaka."

Miaka tisa iliyopita jicho lake la kushoto liliingia ukungu na kuuma kila alipoligeuza. Baada ya wiki kadhaa likapata nuru. Mwaka uliofuata miguu ikafa ganzi, hisi ikarudi, ila si yote. Sisi majirani tukasema ya kusema: kiharusi, jini, kijicho cha shoga yake. Jibu lilipatikana Dar es Salaam, baada ya kipimo cha picha, MRI, cha kichwa na uti wa mgongo. Ni maltipo sklerosisi, au MS kama wanavyofupisha. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kutulinda na vijidudu, inaugeukia utando unaofunika mishipa ya fahamu, ikawa kama waya wa umeme uliochunwa plastiki: ujumbe wa ubongo unafika umekatikakatika, au haufiki. Panapotulia panabaki kovu gumu, na jina la ugonjwa maana yake ni hiyo, makovu mengi.

Hauambukizi. Duniani wanakadiriwa watu milioni 2.9, wanawake wengi kuliko wanaume, na umeenea zaidi nchi za mbali na ikweta. Huku kwetu ni adimu, ndiyo maana alizungushwa sana kabla ya kupata jina la kinachomsumbua. Daktari Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kule Paris mwaka 1868, mwaka uleule mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza misheni yao hapa Bagamoyo. Sina fundisho la kutoa kwenye hilo, nimelipenda tu.

Kinachomtesa zaidi hapa pwani ni joto. Mwili ukipata moto, waya zile zilizochunika hupitisha ujumbe vibaya zaidi. Mwezi Machi utamkuta ameketi kwenye baraza, khanga iliyoloweshwa shingoni, anangoja jua lishuke ndipo ashone. Miguu haikanyagi tena pedali, mpwa wake amemfungia mota. Ncha za vidole zimepoteza hisi, kwa hiyo uzi anautafuta kwa midomo: anaulamba, anaubana kwa midomo, anausogeza mpaka aihisi sindano. Nimehesabu. Mara ya nne ukapita.

Mwaka jana akasikia habari za seli shina. Akaniuliza kama Kanisa linakataza. Nikamwuliza paroko, akasema Kanisa linapinga zile zinazopatikana kwa kuua kiinitete cha mtoto. Hizi anazozizungumzia zinatoka katika damu ya mgonjwa mwenyewe, hazina neno. Basi tukakaa na daktari wake atueleze.

Mgonjwa huchomwa sindano zinazoamsha seli shina zitoke kwenye uloto, ile nyama laini ya ndani ya mifupa, na kuingia katika damu. Mashine inazichuja, zinagandishwa. Halafu inakuja dawa kali ya kemotherapia kuifuta ile kinga iliyoasi, nywele zinanyonyoka, na mgonjwa anawekwa chumba cha peke yake kwa sababu hata mafua yanaweza kumwua. Siku ya kurudishiwa, mfuko unayeyushwa na seli zinaingia kwa dripu, mithili ya chupa ya damu. Chumba chote hunuka kitunguu saumu kwa sababu ya dawa ya kuhifadhia. Dada yetu alicheka hapo. "Nitanuka pilau."

Je, inasaidia? Mwaka 2019 kikundi kilichoongozwa na Richard Burt wa Chicago kilitangaza utafiti wa wagonjwa 110. Nusu walipewa tiba hii, nusu wakaendelea na dawa. Katika ufuatiliaji, hali ilizidi kuwa mbaya kwa watu 3 upande wa seli shina, na 34 upande wa dawa. Lakini wote walikuwa na ile MS inayokuja kwa vipindi na kuondoka, na dawa zilikuwa zimeshindwa kuituliza. Kwa wale ambao vipindi vimekwisha na mwili unateremka tu polepole, faida ni ndogo. Tiba inaweza kuondoa uwezo wa kuzaa, na miaka ya mwanzo ilipoteza watu. Sasa vifo vimepungua sana, havijaisha. Tena inazima moto tu. Nyumba iliyokwisha kuungua haiijengi.

Wagonjwa wa Ulaya na Marekani husafiri hadi Meksiko na Urusi kuitafuta, kwa makumi ya maelfu ya dola. Hapa nchini upandikizaji wa uloto upo, Muhimbili walianza mwaka 2021 na Dodoma wakafuata kwa watoto wenye selimundu, ila ni kwa saratani za damu na selimundu, si MS. Dada yetu bado anapata vipindi, cha mwisho mwaka jana. Daktari alisema yuko mpakani, mlango haujafungwa.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Mwezi uliopita kwenye jumuiya alitoa nia: "Mniombee nipate ile tiba." Tukaomba kwa nguvu. Mmoja wetu akamwamuru ainuke atembee, na sote tukaitikia amina, mimi kwa sauti kubwa. Tulipotoka nikamkuta ananyamaza. Akaniambia, "Mwalimu, sikuomba kutembea. Nimeomba ugonjwa usinimalizie mikono."

Wapendwa, sala yetu ilikuwa kubwa kuliko haja yake, na kwa sababu hiyo haikumgusa. Tunajua kuomba apone kabisa, tena leo. Kuomba ugonjwa usiendelee, uishie hapa, hatujazoea. Tunaiona ni imani haba. Na mgonjwa asipoinuka, anabeba lawama juu ya ugonjwa. Ayubu hakutendewa hivyo na Mungu wake. Aliachwa aseme mti una tumaini hili, mimi nina lile, na ijapokuwa Mungu alimhoji baadaye, mwishowe alisema Ayubu amenena yaliyo sawa.

Katika pengo hilo ndipo wanapopita wafanyabiashara. Muumini mwenzetu, nisimtaje, alimpelekea paketi za unga akisema ni "stemseli", yaani seli shina, za kukoroga kwenye maji ya uvuguvugu, laki mbili na nusu, atalipa kidogo kidogo. Seli ukiinywa tumbo linaisaga kama linavyosaga maharage. Ile fedha ilikuwa ya nauli na dawa zake za miezi miwili. Aliyeuza na aje tuzungumze, sitapiga kelele.

Jumapili nilipita misheni, nikasimama chini ya ule mbuyu wa zamani. Mnajua wanavyosimulia: mtu alifunga mnyororo kwenye shina ukasahaulika, na mti ukaendelea kunenepa juu yake. Kipande kidogo cha chuma bado kinachungulia kwenye gome. Mnyororo haukutoka. Mbuyu una majani.

Jumamosi hii, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya jua kali, tunasali kwake Nianjema. Ana viti vinne tu, kila mtu aje na chake au mkeka. Nia ataitamka mwenyewe na sisi tutaitikia kama alivyoitamka, pasipo nyongeza. Mama wa mweka hazina atapitisha daftari la mchango wa dawa na nauli ya kliniki. Na wenye vitambaa vya tangu Pasaka, viko tayari vitatu, mje na salio.