Gereza la zamani likigeuzwa ukumbi, saruji ikae pembeni

Ngome ya Yesu, Mombasa, ilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958; leo ni makumbusho. Basi hata huku Mwanza inawezekana kuligeuza gereza la zamani kuwa ukumbi wa ngoma, mradi fundi asikimbilie saruji.

Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma, na mvua za misimu miwili tu lipu inabanduka mabamba mabamba. Badala yake piga lipu ya chokaa: changanya chokaa kipimo kimoja, mchanga uliooshwa vipimo vitatu. Piga tabaka jembamba, kama sentimita moja, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Jua letu likiikausha haraka, inapasuka.

Nondo za madirisha zikishika kutu hutanuka na kupasua jiwe: kwangua kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu. Maandishi ya wafungwa ukutani usiyapake chochote. Hayo ndiyo mali yenyewe. Mlango mmoja hautoshi hadhira, na milango yote ifunguke kwa nje.

Taa ziwe za manjano, mbali na jukwaa. Wadudu wa ziwani wakivamia, hakuna atakayesikiliza ngoma.