Mnara wa Cherehani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kijana mmoja wa usharika wetu, ambaye siku hizi ni mlinzi huko Dubai, alinitumia picha wiki iliyopita. Amesimama chini ya Burj Khalifa, anatabasamu, na mnara nyuma yake umekatika katikati kwa sababu haukuenea kwenye simu. Akaandika: "Mzee, nimejaribu mara nne, hauingii." Nilicheka, kisha nikaitazama ile picha muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Sitajifanya, maghorofa marefu nayapenda. Nikifika Dar es Salaam, pale Posta, bado nainua shingo kama mtoto aliyeletwa mjini kwa likizo.

Burj Khalifa ni mita 828. Kati ya hizo, zaidi ya 200 za juu ni ncha tu, hapakai mtu. Na ndugu zetu Waislamu wanaoishi ghorofa za juu waliambiwa na mufti wa Dubai, mwaka 2011, wachelewe kufuturu: kuanzia ghorofa ya 80 wangoje dakika mbili, na zaidi ya ile ya 150 dakika tatu, kwa kuwa wao bado wanaliona jua wakati kwa walio chini limekwisha kuzama. Kumbe ukipanda sana, hata njaa inarefuka. (Hilo si somo la leo, ila nimeshindwa kuliacha.)

Somo la leo ni Mwanzo 11:1-9. "Haya, na tujijengee mji, na mnara, na kilele chake kifike mbinguni, tujifanyie jina." Tumezoea kulihubiri kama habari ya mnara ulioporomoshwa. Someni tena taratibu. Hakuna tofali lililoanguka. Mstari wa 8 unasema Bwana akawatawanya, "wakaacha kuujenga ule mji." Waliacha, basi. Mafundi walishuka, kila mmoja akaenda na lugha yake, na kazi ikabaki ilipofikia. Sisi tunaopita kila siku kwenye nyumba zilizoishia kwenye linta, mbuzi wakilala ndani, hatuhitaji kueleweshwa. Huko Jeddah ulianzishwa mnara wa kuvuka mita 1,000. Mwaka 2018 kazi ikasimama, ikaendelea tena Januari 2025. Pyongyang, Korea Kaskazini, walianza hoteli ya ghorofa 105 mwaka 1987, na miaka 30 baadaye ilikuwa bado haijapokea mgeni.

Lakini neno lililonishika safari hii ni "jina". Miaka yote ya ujenzi, ule mnara wa kwenye picha uliitwa Burj Dubai. Siku ya kuufungua, tarehe 4 Januari 2010, ukatangazwa kwa jina la Sheikh Khalifa, mtawala wa Abu Dhabi, jirani aliyekuwa ametoa mabilioni ya dola wiki chache kabla, madeni yalipoibana Dubai. Mwenye mji alijenga, na jina la mwenzake likapanda kileleni.

Upo mnara mwingine ambao jina lake limo ndani ya nyumba zetu, ingawa wengi hatujui kama uliwahi kuwapo. Mwaka 1908, New York, kampuni ya cherehani ya Singer ilimaliza makao makuu yake: ghorofa 47, mita 187. Hapakuwa na jengo la ofisi refu kuliko hilo duniani. Mzee Isaac Singer mwenyewe alikuwa kaburini tangu 1875, hakuuona. Ukumbi wa chini ulikuwa na nguzo za marumaru, na juu ya nguzo hizo walibandika nishani za shaba zenye herufi za kampuni, nyingine zikiwa na sindano, uzi na bobini. Yaani vitu vile vile vilivyokuwa vikipotea chini ya kitanda cha mama yangu, vimetundikwa kama vito vya kifalme.

Sifa ya urefu ilidumu mwaka mmoja hivi. Mwaka 1909 kampuni ya bima, hapo hapo mjini, ikajenga mnara wa mita 213, na mchezo ukaendelea na wengine.

Msanifu wa mnara wa Singer, Ernest Flagg, alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Alichora jengo refu kuliko yote, na huku hakuyapenda majengo marefu. Aliona jinsi yanavyoigeuza mitaa kuwa mifereji ya giza, kila mwenye kiwanja akijenga ukuta moja kwa moja kwenda juu na kumzibia jirani hewa na mwanga. Rai yake ilikuwa hii: anayetaka kwenda juu na aende, lakini mnara wake uchukue robo ya kiwanja tu, sehemu iliyobaki iachwe wazi ili jua liwafikie wengine. Mnara wa Singer akauchora mwembamba, kama mita 20 kila upande. Sheria ya ujenzi ya New York ya 1916 ikaja kuifuata hesabu hiyo hiyo ya robo.

Na wembamba huo ndio uliouponza. Miaka ya sitini kampuni ilikwisha kuuza jengo na kuhama; wanunuzi wa baadaye walitaka sakafu pana za kupanga mamia ya meza, na ghorofa za Flagg zilikuwa kama vyumba vya kupangisha. Mwaka 1967 wakaanza kuubomoa, wakiushusha kutoka juu. Haukuungua wala haukupasuka; haukulipa tu. Palipokuwa pake pakasimama boksi jeusi la chuma, pana, la ghorofa 54. Kwa miaka zaidi ya 50 haukubomolewa kwa hiari ya mwenyewe mnara mrefu kuliko ule wa Singer, mpaka benki moja ya huko huko iliposhusha jengo lake la mita 216 ili ijenge refu zaidi. Hata mnara wa saa wa kiwanda cha Singer cha Clydebank, Scotland, ulibomolewa, mwaka 1963.

Nimejiuliza kama nimlaumu Flagg. Siwezi. Aliwaachia majirani jua kwa miaka 60, na watu wa mtaa ule waliota jua hilo bila kujua nani alilihesabu. Katika habari yote ya majengo haya, hapo ndipo ninapoona kitu cha kumwonyesha Mungu, na ndicho kilichoandikwa kwenye vitabu vya hesabu kama hasara.

Ndipo nikamkumbuka Tabitha wa Yafa, Matendo 9. Naye habari zake zinaishia juu: alipokufa walimwosha, wakamweka orofani. Petro alipopandishwa huko, wajane walimzunguka wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa nao. Natamani Luka angetueleza zaidi. Nguo zenyewe zilikuwa wapi, mikononi au wamezivaa? Mimi nadhani walizivaa. Mjane wa Yafa hakuwa na kabati la kutunzia nguo ya pili. Alishika upindo wa aliyoivaa, akamwambia Mtume, tazama mshono huu. Petro akawatoa wote nje, akapiga magoti, akaomba.

Cherehani ya mama, Singer ya miguu, sasa iko kwa dada. Ilitushonea sare sisi wote sita, na za watoto wa majirani ambao baba zao hawakuwa na cha kulipa. Mama alikuwa akisema "utaniletea mahindi," na mahindi mengine hayajaletwa hadi leo. Nilipita Jumamosi nikamkuta dada ameilaza mashine kando, anaitia mafuta, mkanda mpya uko mezani. Maua ya dhahabu ya pale mbele yamekwisha kabisa kwa kusuguliwa na vitambaa. Jina nalo limebaki herufi tatu.

Dada hakuniandalia chai. Alikuwa na sare nne za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa.