Mguu wa kushoto umekubali kukaa kwenye pedali

Umekaa! Asubuhi yote nimezunguka mitaa ya ndani ya Mikocheni na mguu wa kushoto haujachomoka hata mara moja. Mimi niliyekuwa napanda Uluguru na begi mgongoni, tangu kiharusi kinipige sijapata furaha kama ya leo.

Guta lenyewe, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu tuliyoing'oa boksi, lilikuwa tayari kitambo. Kilichonitoa machozi ni mguu. Pedali ikifika juu, vidole vinajikunja, kifundo kinapinda kwa ndani, kisigino kinagonga chuma. Nikiongeza mwendo, misuli ndiyo inazidi kukaza. Tukafunga kwa mpira wa tyubu, ukalegea. Tukafunga mkanda wa begi. Vidole vikashikwa, kisigino kikazidi kuzunguka. Mkanda mpana zaidi, mambo yaleyale. Nilikasirika, nikalifunika guta kwa turubai nisilione.

Fundi wangu wa Mwananyamala ndiye aliyegundua tatizo. Alichuchumaa, akanitazama ninavyokanyaga, akasema: "Mzee wangu, mguu unaponyokea nyuma. Sisi tunahangaika kufunga mbele." Kesho yake akaja na katambuga, ndala ya mpira wa tairi, kubwa kuliko mguu wangu ili niingie na raba. Tukaifunga kwa bolti juu ya pedali, nyuma tukasimamisha ukuta wa mpira wa tairi unaokumbatia kisigino hadi juu ya kifundo. Mkanda wa kunata unapita mbele ya kifundo. Chini ya pedali tukaning'iniza kipande cha chuma ili isipinduke. Ukuta ule ndio unaofanya kazi yote!

Mguu wangu hausikii maumivu sawasawa, kwa hiyo nikishuka navua soksi na kukagua michubuko kwa macho. Usiache kufanya hivyo. Na usifunge mguu hivi kwenye baiskeli ya magurudumu mawili: ukianza kuanguka hutauwahi kuutoa.

Kuhusu vifaa: kwa mwenye mkono mmoja wa kufanyia kazi, spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, haifai kabisa. Inateleza, inakula kona za nati, na huna mkono wa pili wa kuituliza. Nimenunua Kariakoo spana namba 15 yenye mpini mrefu, na jiliwa dogo nimelifunga mezani linishikie vitu. Siazimishi.

Kilichopangwa kufuata ni breki zote mbili kuvutwa kwa mkono wa kulia. Waya zimenunuliwa, bado ziko kwenye mfuko. Juzi nilipita Magogoni nikaona maguta yanaingia kwenye pantoni kwenda Kigamboni, na tangu hapo akili yangu iko ng'ambo: kuvuka alfajiri, kukanyaga hadi Mjimwema, kunywa dafu, kurudi. Kesho nachukua futi kupima upana wa nyuma ya guta langu. Aliyewahi kuvuka na guta aniambie: mteremko wa kuingia pantoni maji yakipwa, unashuka umekaa au unalisukuma?