Trekta kuukuu kwa bei ya bodaboda tatu

Mikono bado inanuka dizeli. Nimeinawa kwa sabuni ya unga, nikaisugua kwa limao, na bado mama watoto amenikataza kugusa ugali. Basi nimekaa kibarazani naandika.

Nimenunua trekta. Massey Ferguson 135, wekundu wake umefifia hadi umekuwa wa tofali. Shilingi milioni 9; mwenyewe alianzia 11.

Nilipokuwa mdogo kijiji chetu kilikuwa na trekta, ila mimi nimelikuta tayari limekufa, nyuma ya ofisi, chini ya mwarobaini. Kuku walitaga kwenye kiti chake nasi tuligombania usukani. Wakubwa walisema limekosa spea. Nilidhani spea ni aina ya mafuta. Ndiyo maana nilipoanza kutafuta la kwangu sikutaka kitu chenye kompyuta. Haya ya 135 ya Uingereza yaliundwa Coventry, kati ya 1964 na 1975, na kiwanda chenyewe kiliacha kutoa matrekta 2002. Lakini injini yake, Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, haikufa na kiwanda: Wapakistani waliendelea kuifunga kwenye matrekta yao. Ringi, slivu na gasketi zake nimeshaziulizia Arusha mjini. Zipo, na mafundi wake wapo hata vijijini.

Tulifika kwa mzee, huko Karatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi bila kupiga simu. Hiyo ni hila ya fundi wangu. Muuzaji akijua unakuja analiwasha mapema, na injini ikishapata moto hata mgonjwa husimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja kununua au kukamata?"

Fundi akaweka kiganja kwenye injini: baridi. Akaruhusu liwashwe. Selfu ikazunguka kivivu, ukatoka moshi mweupe, baada ya dakika moja hivi ukakata. Akafungua mfuniko wa oili huku linaunguruma, akaweka mkono kuona kama linapumulia huko. Kidogo sana. Nikaanza kutabasamu, akanikanyaga mguu.

Kisha akachomoa stiki ya oili ya nyuma. Nyeupe, kama chai ya maziwa. Kwenye trekta hili gia boksi, difu na haidroli, ile inayonyanyua plau, vinaogelea kwenye oili moja, na pampu ya haidroli imekaa humo humo ndani, kwa hiyo maji yakiingia yanaharibu nyumba nzima. Yaliingilia kwenye raba za vijiti vya gia zilizochanika. Limelala nje masika mengi. Fundi akanyanyua plau la diski mbili hadi juu, akazima injini. Mzee alikuwa anatueleza alivyolinunua, na kabla hajamaliza plau lilikuwa limeshalala chini.

"Mzee wangu," fundi akasema, "bei nayo inashuka na plau."

Ndivyo tulivyofika milioni 9. Na ukweli niuandike hapa, maana nyumbani sijausema: mimi nilikuwa nimeshanunua tangu lilipowaka. Mengine yote yalikuwa maonyesho. Hata kadi, ambayo ina jina la kaka yake mzee, marehemu, nilikuwa radhi kuipokea hivyo hivyo. Fundi ndiye aliyekataa mpaka mirathi ikaletwa na namba ya chesesi ikasomwa kwa tochi.

Kukodi Fuso kungekula hela ya tairi moja la nyuma, nikaliendesha mwenyewe hadi Magugu, fundi amekaa kwenye madigadi. Wakati tunaondoka mzee alinishika mkono. Lina Multi-Power, kajiti kadogo cha kubadili mwendo bila kukanyaga klachi. "Mteremko wa Manyara uushuke kakiwa kwenye spidi kubwa. Kwenye spidi ndogo injini haishiki, litakukimbia hadi Mto wa Mbu." Kumbe ndivyo lilivyo: kwenye spidi ndogo magurudumu yanaweza kuipita injini, ikabaki breki peke yake, na breki za trekta la umri huu mimi sikuziamini. Nikaweka gia nzito, kajiti kwenye spidi kubwa, na ziwa lote likiwa chini yangu sikulitazama hata mara moja. Nyani wa karibu na geti la hifadhi walitukagua kama watu wa kodi.

Tukaingia Magugu magharibi, na taa moja.

Mama watoto alilizunguka mara mbili. "Hesabu zake unazo?" Ninazo. Hapa tunalimiana eka kwa elfu 50. Toa dizeli lita 7, toa posho ya dereva, inabaki kama elfu 24. Nahitaji kulima eka zaidi ya 370 ili nirudishe bei tu, sijanunua boliti hata moja. Shamba letu ni eka 6. Nikamwambia hesabu ni nzuri.

Jana nimebadili filta za dizeli nikatoa hewa, ndipo harufu hii iliponiingia. Fundi anakuja Jumamosi na sili za haidroli na ndoo ya oili mpya.

Leo asubuhi nimekuta kuku wa jirani ametaga kwenye kiti. Yai bado lina joto. Nikaliweka mfukoni, nikapanda, nikaliwasha trekta hapo hapo, ingawa sikuwa na pa kwenda.