Ushirika wa Wafanyakazi Unapokua, Wenye Mali Wanabaki Nani?

Vikundi vya mafundi, wasindikaji na wahudumu ninavyofanya kazi navyo huniuliza swali moja kwa namna nyingi: tulianza wachache, tunaelewana, kazi imeongezeka, je, sasa tuajiri? Jibu la haraka ni kwamba aliyezidiwa na kazi aongeze mikono. Kadiri ninavyoendelea kuona vikundi hivi vikikua au vikifa, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba katika ushirika wa wafanyakazi hilo ndilo swali zito kuliko la mkopo, la soko au la mashine, kwa sababu namna litakavyojibiwa mara ya kwanza ndiyo itakayoamua chombo hicho kitakuwa cha nani baada ya miaka ishirini.

Ushirika tuliouzoea hapa Tanzania ni wa wakulima na wa wenye akiba. Tuna KNCU ya kahawa kule Kilimanjaro, iliyoundwa mwaka 1933, tuna vyama vya pamba vya Kanda ya Ziwa, AMCOS (vyama vya msingi vya mazao) za korosho za Kusini, na SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) za maofisini na mitaani. Katika vyama hivyo mwanachama ni yule anayeleta mazao yake au akiba yake, na chama huajiri makarani, madereva na wapima mizani ambao si lazima wawe wanachama. Ushirika wa wafanyakazi umejengwa juu ya msingi mwingine: anayeumiliki ni yule yule anayefanya kazi ndani yake, ana hisa, ana kura moja kama mwenzake, na ziada hugawanywa kwa kufuata kazi, si kwa kufuata ukubwa wa mtaji. Jirani zetu wa Changamwe, Mombasa, wana mfano wa muda mrefu, kwani wachongaji wa Kikamba wameendesha ushirika wao wa vinyago tangu mwaka 1963, kila mchongaji akiwa na namba yake inayowekwa kwenye kazi yake, huku duka na soko vikiwa mali ya wote. Hata hivyo pale kila mmoja bado anachonga kwa mkono wake na kwa hesabu yake. Ugumu mkubwa zaidi huanza pale kazi inapokuwa moja isiyogawanyika, kama kiwanda, jiko kubwa au huduma ya usafi wa majengo, ambapo hakuna awezaye kusema kwamba hiki nimekitengeneza peke yangu.

Hatari ninayoizungumzia huingia kimya kimya. Chukua mfano wa kikundi cha watu kumi kinachopata zabuni ya sare za shule. Kumi hawatoshi, kwa hiyo wanaitwa vibarua kwa msimu mmoja. Msimu unakwisha, zabuni nyingine inakuja, na vibarua wanabaki. Baada ya miaka michache vibarua wamefika thelathini, waanzilishi wamepungua hadi saba, na hao saba wanaketi katika mkutano mkuu kugawana ziada iliyotokana na jasho la watu thelathini na saba. Hakuna aliyeiba na hakuna kifungu kilichovunjwa, lakini ushirika umekwisha, na kilichobaki ni kampuni ya watu saba yenye cheti cha Mrajis wa vyama vya ushirika.

Ndiyo maana kila ninapozungumzia kukua hurudi kwenye historia ya Mondragón, mji mdogo wa Wabaski kaskazini mwa Hispania. Padri José María Arizmendiarrieta alifika huko mwaka 1941, muda mfupi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoiacha nchi mikononi mwa Jenerali Franco. Hakuanza na kiwanda. Mwaka 1943 alianzisha shule ya ufundi kwa vijana wa mji ule, kwa michango ya wenyeji, na ilipita zaidi ya miaka kumi kabla vijana watano waliopitia mikononi mwake hawajaanzisha kiwanda cha majiko ya mafuta ya taa mwaka 1956, wakakipa jina la Ulgor kutokana na herufi za majina yao. Miaka hiyo ya kati mara nyingi hurukwa na wanaosimulia habari ya Mondragón, nami naiona kuwa ndiyo kiini chake. Kwa zaidi ya miaka kumi padri yule alikuwa akiwafundisha vijana hesabu, ufundi na mijadala ya namna watu wanavyoweza kumiliki kazi yao, bila kuwa na bidhaa hata moja ya kuuza. Wafadhili wetu wa leo, wanaotaka kuona kikundi kimesajiliwa, kimepata mashine na kimeleta taarifa ya mafanikio ndani ya mradi wa miezi kumi na minane, wasingemvumilia.

Baada ya kiwanda ikaja benki. Caja Laboral ilianzishwa mwaka 1959 ili akiba za watu wa kawaida wa eneo lile ziwe mtaji wa ushirika mpya badala ya kusafiri kwenda kutajirisha miji mikubwa. Benki hiyo haikukopesha tu. Ilikuwa na idara iliyochunguza wazo la mradi, ikaandaa hesabu zake pamoja na wahusika, na kusimama na meneja mpya mpaka mradi ushike njia. Serikali ya Franco ilipowaweka wanachama nje ya mfumo wa hifadhi ya jamii, ikiwahesabu kuwa watu waliojiajiri, waliunda mfuko wao wenyewe wa matibabu na pensheni, Lagun Aro. Kila upungufu uliojitokeza uligeuzwa kuwa chombo kipya, na kila chombo kilikuwa na wamiliki waliojulikana.

Utaratibu wa uanachama nao unahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa maana hapo ndipo swali la vikundi vyetu linapopata jibu. Mfanyakazi mpya hupitia kipindi cha majaribio, na akikubaliwa hutoa mchango wa mtaji ambao si mdogo hata kidogo, lakini anaruhusiwa kuulipa kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Ziada ya mwaka hugawanywa mafungu: fungu moja huingia kwenye akiba ya ushirika isiyogawanywa kwa mtu yeyote, fungu jingine huenda kwenye elimu na mahitaji ya jamii, na fungu la wanachama huandikwa katika akaunti ya kila mmoja ndani ya ushirika. Fedha hiyo ni yake na huzaa riba, ila hawezi kuichukua mpaka aondoke au astaafu. Kwa njia hiyo kila mwanachama anayeongezeka huja na mtaji, na mtaji wa chama hukua sambamba na idadi ya wenye chama, jambo ambalo mkopo wa nje hauwezi kulifanya. Mishahara nayo iliwekewa mpaka: mwanzoni wa juu kabisa hakuweza kulipwa zaidi ya mara tatu ya wa chini kabisa, na ingawa mpaka huo umelegezwa baadaye, katika sehemu kubwa ya kundi la vyama vya ushirika vya Mondragón bado ni mara sita hivi. Linganisha na kampuni yoyote kubwa unayoifahamu.

Sitaki msomaji adhani kwamba ninasimulia habari za malaika. Mwaka 1974, Ulgor ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 3,000, ulizuka mgomo kuhusu namna kazi zilivyopangwa ngazi kwa ajili ya malipo. Watu waligoma dhidi ya kiwanda walichokimiliki. Walioongoza mgomo walifukuzwa, na ilichukua miaka kabla ya wanachama kukubali warudi. Tangu hapo suala la ukubwa likawa mjadala wa wazi miongoni mwao, kwa kuwa mtu aliye mmoja kati ya elfu tatu hujiona namba hata kama ana kura, na mara nyingi imekuwa afadhali kuanzisha ushirika mpya kando ya ule wa zamani kuliko kuurundika ule mmoja. Somo hili nalichukulia kwa uzito sana katika uongozi. Kiongozi wa ushirika unaokua anapaswa kujiuliza kila mwaka ni wanachama wangapi wanaweza kusimama na kueleza mapato na matumizi ya chama chao kwa maneno yao wenyewe, na idadi hiyo ikianza kushuka ajue kwamba chama kimewakimbia wenyewe.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja na mrithi wa Ulgor, Fagor Electrodomésticos, watengenezaji wa majokofu, mashine za kufulia na vifaa vingine vya nyumbani. Ili kushindana na makampuni makubwa ya Ulaya, Fagor ilinunua kiwanda nchini Poland mwaka 1999, na mwaka 2005 ikainunua Brandt ya Ufaransa. Wafanyakazi wa huko waliingia kama waajiriwa, si kama wanachama. Soko la nyumba la Hispania lilipoporomoka kuanzia mwaka 2008, mauzo ya vifaa vya nyumbani yakaanguka nalo, madeni yakapanda, na mwaka 2013 vyama vingine vya ushirika ndani ya kundi la Mondragón, baada ya kuwa vimeshatoa fedha nyingi za kuiokoa, vilikataa kuendelea. Fagor ikafilisika ikiwa na wafanyakazi wapatao 5,600 katika nchi kadhaa.

Wako wanaosema kwamba anguko hilo lilithibitisha kwamba ushirika hauwezi ushindani. Sikubaliani nao, kwa kuwa makampuni ya kawaida mengi yalianguka katika msukosuko ule ule kwa sababu zile zile za madeni na soko. Kinachonisumbua mimi ni jinsi maumivu yalivyogawanywa. Wanachama wengi wa nchi ya Wabaski, pamoja na kupoteza mitaji yao, walitafutiwa nafasi katika ushirika mwingine wa kundi hilo au walistaafishwa mapema kwa msaada wa mfuko wao. Mfanyakazi wa Poland hakuwa na mlango huo. Alikuwa ametengeneza vifaa vile vile, chini ya jina lile lile, lakini hakuwahi kuwa na hisa, kura wala mfuko wa kumpokea. Ushirika uliozaliwa ili mfanyakazi asiwe mtu wa kupita uliishia kuwa na maelfu ya watu wa kupita.

Wengi huniambia kwamba kumfanya kila mwajiriwa kuwa mwanachama haiwezekani kwa watu wetu maskini, kwamba fundi wa kike wa Mbagala hana fedha ya hisa. Nami huijibu hoja hiyo kwa kuutaja ushirika mmoja wa Bronx, New York, uitwao Cooperative Home Care Associates, ulioanzishwa mwaka 1985 na unaohudumia wazee na wagonjwa majumbani. Wafanyakazi wake, ambao wengi ni wanawake Weusi na Walatino wenye kipato cha chini, wamefikia kiasi cha 2,000. Hisa ya mwanachama iliwekwa kuwa dola 1,000, na anayejiunga hutanguliza dola 50, zinazobaki zikikatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Kabla ya yote hayo hupewa mafunzo ya kazi bila malipo. Kama mama anayelea watoto peke yake huko Bronx ameweza kumiliki ushirika kwa mpango huo, kinachotuzuia sisi ni uandishi wa masharti tu.

Liko pia jambo la bodi na meneja, ambalo vyama vyetu vingi vimeumia kwalo. Katika utaratibu wa Mondragón mkutano mkuu huchagua bodi, bodi humteua meneja, na baraza jingine huwasemea wanachama kama wafanyakazi, kuhusu usalama, zamu na malipo. Kwetu bodi mara nyingi huingia stoo kusaini hati za malipo, na meneja naye huficha vitabu mpaka mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, atakapokuja. Nadhani chanzo chake ni kwamba wanachama hawafundishwi hesabu, hivyo hawajui wamuulize nani kuhusu nini. Tunacho chuo kikuu cha ushirika Moshi, kilichoanza kama chuo mwaka 1963, na ningetamani masomo yake yawafikie washona nguo na wapishi kama yanavyowafikia makatibu wa vyama vya mazao. Chama ambacho wanachama hawakielewi hakina wa kukitetea. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kukabidhi kazi zao kwa mamlaka za mazao, na ilibidi kusubiri sheria ya mwaka 1982 ili virejeshwe.

Kwa upande wa mtaji kuna habari njema. Kenya imekuwa na Co-operative Bank tangu mwaka 1968, na kwa Tanzania, Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma mwaka 2025. Ombi langu kwao ni lile lile walilolitimiza Wabaski: wawe na dawati la kuandaa miradi ya ushirika wa wafanyakazi, lenye watu wanaokaa na kikundi kwa miaka, badala ya kusubiri dhamana ya hati ya nyumba ambayo fundi hana.

Kikundi cha mafundi cherehani ninachokisaidia sasa kinasubiri majibu ya zabuni, na kabla ya majibu hayo tumeandika kifungu katika masharti yao. Kila atakayefanya kazi kwa mwaka mmoja ataalikwa kuwa mwanachama, hisa yake itakatwa kwenye malipo kwa muda usiopungua miaka miwili, na wasio wanachama hawatazidi robo ya wafanyakazi wote. Wakizidi, hakuna zabuni mpya itakayosainiwa mpaka uwiano urudi. Mjadala uliobaki ni kuhusu fundi anayefanya kazi vizuri, amealikwa, na anasema hataki hisa wala mikutano, anataka ujira wake wa wiki tu. Baadhi wanasema aachwe kwa hiari yake, wengine wanasema kazi yake ya kudumu ndani ya chama itawageuza wao kuwa mabosi wake. Mkutano mkuu ujao ndio utakaoamua, nami nimeombwa nisitoe maoni yangu mpaka wote wawe wamesema ya kwao.