Siku moja nyuma ya kamera ya retina

Saa 1:30 asubuhi. Nafuta lenzi ya kamera inayopiga picha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kabla mgonjwa hajaingia. Chembe ya vumbi huonekana pichani kama doa jeupe, na kwa anayeshukiwa kuwa na vimelea jichoni, doa jeupe ndilo tunalolitafuta.

Saa 2:15. Mama mmoja anasema jicho la kushoto lina ukungu tangu wiki iliyopita. Namtia matone ya kupanua mboni, tunasubiri karibu nusu saa. Picha inatoka hafifu kwa sababu ute ulio ndani ya jicho umejaa seli za kinga zinazoletwa na uvimbe, lakini ndani ya ukungu huo pana doa jeupe, na ubavuni mwake kovu la zamani lenye rangi nyeusi. Hiyo ni sura ya toksoplasma: kimelea hujificha kwenye kovu miaka na miaka, kisha huamka pembeni yake. Napiga na OCT, kipimo cha mwanga kinachoonyesha tabaka za retina, ili baadaye daktari apime kama uvimbe wa retina umepungua.

Saa 4:40. Huyu ndiye niliyemfikiria tangu jana. Kijana, jicho moja linafifia, na kwenye retina kuna vidoa vya kijivu vilivyokusanyika sehemu moja. Daktari anashuku mnyoo mchanga anayetembea chini ya retina. Wengine hawafiki hata milimita moja, na picha moja haitoshi. Napiga, nasubiri, napiga tena sehemu ileile.

"Dada, mwanga huu unaniumiza."

"Pole, mdogo wangu. Pumzisha jicho, kisha utazame kitaa cha kijani."

Picha ya tisa naiweka juu ya ya sita na kuzibadilisha upesi kwenye skrini. Mishipa ya damu haisogei. Kitu kimoja tu kinasogea: kiuzi cheupe kilichojikunja kama herufi S, kando ya vidoa vipya. Namwita daktari mbio, maana mnyoo huyu hakai. Ndani ya saa moja mnyoo amepigwa leza papo hapo alipo. Uoni uliokwisha kupotea mara nyingi haurudi, ila uliobaki sasa una nafasi ya kweli ya kuokoka. Mikono ilinitetemeka, sioni haya kusema.

Saa 8 mchana. Mtoto wa miaka sita, uvimbe mweupe wa toksokara, mnyoo wa mbwa na paka, umeivuta retina. Hatulii kwenye kamera, kwa hiyo tunatumia altrasaundi juu ya kope akiwa amepakatwa na baba yake. Wenzangu huona picha hizo kuwa duni. Mimi naziheshimu, kwani huonyesha retina iliyobanduka hata pale mwanga usipopita.

Saa 10. Namrudia kijana. Alipokuwa mnyoo sasa pana alama ya leza, nyeupe na tulivu. Naandika kwenye faili lake pembe ya kamera na mahali alipokuwa akitazama, ili picha ya wiki ijayo ipigwe palepale.