Nilivyoligawa shamba kwa kufuata udongo wake

Ekari zangu tatu nilizitenga kwanza kwa macho tu: mwinukoni udongo mwekundu wa changarawe, katikati tifutifu, bondeni mweusi unaonata. Kila kipande kikachukuliwa sampuli yake. Ukichanganya udongo wa juu na wa bondeni kwenye mfuko mmoja, utaletewa majibu ya shamba ambalo halipo.

Katika kila kipande nilichimba mahali 15 kwa kupita zigizaga, nikikwepa vichuguu, majivu ya zamani na palipokuwa zizi. Unaondoa majani, unachimba sentimeta 20, kisha unakata kipande chembamba cha ukuta wa shimo, toka juu hadi chini. Ndoo iwe ya plastiki, maana ya bati huachia zinki na kuvuruga kipimo. Vyote huvunjwavunjwa na kuchanganywa, nusu kilo ikaanikwa kivulini, ikaenda maabara.

Wakati nasubiri, nilipima maji yanavyozama: shimo la sentimeta 30, unalijaza, linanywa yote, unalijaza tena na kusimamisha rula. Katikati maji yalishuka kama sentimeta 4 kwa saa, ni vizuri. Bondeni hata 1 haikufika. Nondo niliyoichomeka huko ilikwama kwenye sentimeta 18: tabaka gumu, matokeo ya kulima kina kilekile kila msimu, tena udongo ukiwa umelowa. (Nondo chomeka udongo ukiwa na unyevu, ukikauka, wote ni mgumu.)

Mwinukoni pH, kipimo cha uchachu wa udongo (namba ikishuka, uchachu umezidi), ilisoma 4.9. Ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyomo udongoni huyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi, kirutubisho cha mmea, hunaswa na chuma na alumini hiyohiyo. Mbolea ya kupandia unaweka, mmea hauioni. Wengi hapo huongeza mbolea, na zile zenye amonia huzidisha uchachu. Mimi niliweka chokaa ya kilimo ili kupunguza uchachu huo, kwa kiwango cha maabara. Usikisie: mfinyanzi hudai nyingi kuliko kichanga hata pH ikilingana. Niliichanganya na udongo hadi sentimeta 15, miezi miwili kabla ya kupanda. Isiwekwe pamoja na samadi wala urea, nitrojeni itapotea hewani ikiwa gesi ya amonia. Utasikia harufu yake ikikuchoma puani.

Mahindi nikayaacha katikati tu, na samadi yote ikaelekezwa huko. Mwinukoni muhogo na kunde, kwa kuwa muhogo huvumilia uchachu. Bondeni nililivunja tabaka gumu wakati wa kiangazi, nikachimba mtaro, nikainua matuta ya sentimeta 30 kwa mboga. Kileleni mwa mwinuko huo, mwamba uko sentimeta 15 tu chini; pale ni kupoteza mbegu. Nimepanda nyasi, nikizikata ndizo matandazo ya mahindi.